Nani Amempima Masikio Kabla Hajaruhusiwa?

Hotuba kwa madaktari wanaoanza masomo ya ubingwa wa masikio, pua na koo, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, masista wetu, wataalamu wa usikivu, ndugu zetu madaktari wa usingizi, na ninyi mnaoanza leo masomo ya ubingwa: itifaki imezingatiwa. Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Karibuni sana nyumbani.

Nimepangiwa kuzungumza juu ya mambo matatu: watu wa idara, mafunzo yake na utafiti wake. Kwenye ratiba yamepangwa kila moja na mstari wake. Mniwie radhi, nitayachanganya, kwa kuwa tangu nianze kazi hii sijayaona hata siku moja yakikaa mbalimbali. Na nitaanza na mtoto mmoja ambaye hata leo, nikielekea wodi ya watoto, namkumbuka kabla sijafika mlangoni.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ubingwa, nimepelekwa kufanya kazi kwa miezi kadhaa katika hospitali moja ya mkoani. Asubuhi moja wodi ya watoto wakaniita. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Hatari ilikuwa imeshapita. Homa imeshuka, degedege limekoma, na asubuhi ile alikuwa amekunywa uji kikombe kizima. Mimi niliitwa kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa linatoa usaha. Nikalisafisha, nikaandika dawa ya matone, nikaanza kufunga kisanduku changu cha vifaa. Bibi yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akimpepea kwa upindo wa khanga. Akaniambia, "Daktari, mwanangu, huyu mjukuu wangu siku hizi nikimwita hageuki."

Nikamjibu, "Ni uchovu wa ugonjwa, bibi. Mpe siku, atachangamka."

Kesho yake wakaruhusiwa. Kwenye faili paliandikwa: amepona.

Nilikutana naye tena baada ya mwaka na nusu, safari hii kwenye kliniki yetu, cheti cha rufaa kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto sikumtambua. Nilimtambua bibi. Yale maneno machache aliyokuwa nayo kabla ya kuugua yalikuwa yamepotea yote. Akitaka kitu anamvuta bibi yake mkono na kumwonyesha kwa kidole. Tukapima usikivu, masikio yote mawili hayakusikia kitu. Tukaagiza picha ya CT.

Wale ambao hamjaiona picha ya sikio la ndani mtaiona wiki hii. Koklea imejiviringa mithili ya konokono, mizunguko miwili na nusu, na ndani yake mna maji. Kwenye picha mfupa hutoka mweupe, na palipo na maji huwa peusi. Kwa hiyo koklea yenye uhai unaiona kama uzi mweusi uliozungushwa ndani ya mfupa mweupe. Kwa mtoto yule niliutafuta ule uzi. Nikaongeza mwanga, nikarudi nyuma picha moja, nikasonga mbele picha mbili. Kulikuwa kweupe kote.

Homa ya uti wa mgongo ya bakteria huweza kuingia sikio la ndani, na mwili, katika kujiponya, hujenga mfupa mahali pa yale maji. Jambo hilo huweza kuanza ndani ya wiki chache tu baada ya ugonjwa. Na ule uzi wa umeme unaopandikizwa ili kumrudishia mtu usikivu unahitaji tundu la kupitia. Panapoziba, upasuaji huwa mgumu mno, na kwa mtoto huyu haukuwezekana.

Yule bibi alikuwa amekwisha kufanya kipimo. Alimwita mtoto kwa jina, mtoto hakugeuka, akaja kutoa majibu kwa daktari, na daktari akayatupa. Daktari huyo ni mimi.

Nimewaeleza haya siku ya kwanza kwa sababu nataka mjue idara hii imejengwa na nini. Majengo yapo, na darubini za upasuaji zipo, tena moja ni nzuri sana. Lakini nilipomaliza masomo na kuanza kazi hapa nilimwendea Sista Mkuu wa wodi ya watoto, ambaye sasa amestaafu, nikamsimulia habari ya mtoto yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunipa pole wala lawama. Alichukua daftari la kuruhusu wagonjwa, akaweka rula, akachora kwa kalamu nyekundu safu moja zaidi upande wa kulia, na juu yake akaandika: MASIKIO. Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto wa homa ya uti wa mgongo aliyetoka kwenye wodi ile bila muuguzi kuuliza, "Nani amempima masikio?" Safu ikiwa tupu, mama anangoja. Wapo madaktari walionung'unika kwamba vitanda vinajaa. Sista hakubishana nao. Alikuwa anawaonyesha ile safu tu.

Sasa naomba mniambie, lile lilikuwa jambo la watu, la mafunzo, au la utafiti? Sista ni mtu wa idara. Aliyefundishwa pale nilikuwa mimi, na kila daktari aliyepita baada yangu. Na yale madaftari, ambayo sasa yamejaza rafu mbili, yana majina, umri, tarehe ya kuugua na majibu ya vipimo vya miaka mingi, na hakuna aliyekaa akayahesabu. Hiyo ni tasnifu inayomngoja mwenyewe. Naomba mmoja wenu aichukue kabla panya hawajaichukua.

Niseme kidogo juu ya watu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu usikivu mwaka 2021. Watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na mambo yanayozuilika. Halafu shirika hilo linasema kwamba kati ya nchi za kipato cha chini, asilimia 78 zina daktari wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja, na asilimia 93 zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa idadi hiyo hiyo. Watu milioni moja ni mkoa mzima. Ni kila mtoto aliyeingiza punje ya mahindi puani, kila mzee anayeongeza sauti ya redio mpaka jirani agonge ukuta, kila mwenye uvimbe shingoni, wote wanamtazama mtu mmoja, na huenda mtu huyo yuko likizo.

Kwa hesabu hiyo, atakayedhani kwamba idara ni madaktari bingwa peke yao atakuwa amekosea kuanzia mlangoni. Nilipokuwa mgeni kama ninyi aliletwa binti wa miaka minne na ushanga kwenye tundu la pua. Nilikuwa na koleo zangu, nilikuwa na taa ya kichwani, nilikuwa na haraka. Nilipomkaribia akapiga yowe, akatupa kichwa huku na huku, ushanga ukazidi kuzama. Muuguzi wa zamu akanigusa bega. "Daktari, subiri kidogo." Akamwambia mama amlaze mtoto mapajani kana kwamba anambembeleza alale. Akamwelekeza azibe kwa kidole tundu la pua lisilo na ushanga, aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mwanawe, apulize pumzi moja fupi ya nguvu. Mama akapuliza. Ushanga ukaruka, ukadunda sakafuni, ukaviringika chini ya kabati. Mtoto akacheka, akaomba arudiwe.

Mbinu hiyo ipo vitabuni, inaitwa busu la mama. Mimi sikuisoma vitabuni, nilifundishwa na muuguzi ambaye hana shahada hata moja ukutani. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba haragwe likiwa sikioni huliondoi kwa kupiga maji, maana litavimba likukwamie. Na kwamba betri ndogo ya saa ikiwa puani au kooni hakuna cha "subirini kesho", ndani ya saa mbili huwa imeanza kuunguza nyama. Mheshimuni. Mwiteni Sista, msimwite "wewe".

Yupo pia daktari wa usingizi. Mtoto aliyevuta karanga ikaingia kwenye njia ya hewa, mimi na yeye tunagombea tundu moja: yeye anataka kupitisha pumzi, mimi nataka kupitisha bomba la kutazamia. Mwaka 1897 Gustav Killian kule Freiburg aliingiza bomba kwenye njia ya hewa ya mkulima mmoja akatoa kipande cha mfupa wa nguruwe, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa yetu. Lakini haifanyiki bila maelewano ya macho kati ya watu wawili waliofanya kazi pamoja muda mrefu. Zoeaneni mapema. Msingoje usiku wa karanga ndipo mwulizane majina.

Na yupo mtu ambaye idara nyingi humsahau, mwalimu wa viziwi. Tabora wana shule ya viziwi tangu 1963, na hapa Dar es Salaam ile ya Buguruni ni ya 1974. Mtoto niliyewasimulia mwanzoni alipelekwa shule ya viziwi. Nilikwenda kumtazama baada ya miezi michache. Alikuwa uwanjani na wenzake, mikono inakwenda kwa kasi nisiyoweza kuifuata, anasimulia jambo, wenzake wanaangua kicheko. Mtoto aliyekuwa hana neno, sasa ana lugha. Wapo wenzetu bado wanaowaambia wazazi wasimfundishe mtoto alama eti atakuwa mvivu wa kusema. Mimi napinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Mtoto anayengoja kifaa, au anayengoja mchango wa ukoo ukamilike, au asiyeweza kupandikizwa kabisa, hawezi kungoja lugha. Ubongo wake unakua leo. Ndiyo maana kwenye idara hii utajifunza salamu na maswali ya msingi kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, na utapimwa.

Sasa mafunzo.

Mtashangaa kwamba kwa miezi ya mwanzo hakuna atakayewapa keekee mkatoboe mfupa wa sikio la binadamu. Mtaanza na vichwa vya mbuzi. Siku ya Alhamisi fundi wetu hutoka mapema kwenda machinjioni Vingunguti, hurudi na ndoo. Harufu mtaizoea. Mtakaa kwenye benchi, mtatoboa polepole, maji yakitiririka kupoza mfupa, mpaka mfupa uwe mwembamba kama ganda la yai na rangi iliyo chini yake ianze kujitokeza. Utakapoona wekundu fulani hafifu utasimamisha keekee bila kuambiwa. Binadamu ana neva ya uso inayopita ndani ya mfupa ule ule. Ukiikata, mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji sikio limepona na nusu ya uso imeanguka; jicho halifumbi, chai inamwagika pembeni mwa mdomo. Nimewahi kumsikia mwalimu wangu akimwambia mwanafunzi aliyekuwa na pupa: "Mfupa hauna haraka, nawe usiwe nayo." Kauli hiyo bado inaniingia kila nikivaa glavu.

Halafu mtafika kwenye vile vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake kama milimita tatu. Mara ya kwanza mtakapokitoa na kukiweka kwenye ncha ya kidole, tazameni kwa utulivu. Maneno yote mliyoambiwa na mama zenu tangu mzaliwe yalipitia kwenye kijifupa kama hicho.

Lakini kuna mafunzo ambayo hayafanyiki kwenye benchi. Kila mmoja wenu atakwenda wilayani, zahanati na vituo vya afya, kukaa na matabibu na wauguzi. Hamwendi kutibu tu, mnakwenda kufundisha kushika otoskopu, kile kifaa cha kutazamia sikio, kukausha sikio kwa utambi wa pamba, kujua sikio lipi litibiwe pale pale na lipi liletwe kwetu mbio. Na mnakwenda kujifunza. Mtakutana na mama aliyemtia mtoto mafuta ya taa sikioni, na mwingine aliyempeleka mwanawe akakatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha. Najua moyo utawachemka, maana tumepokea watoto wa kimeo wakiwa wamepauka kwa kutokwa damu, na wengine wakiwa na shingo iliyojaa usaha. Msimkaripie. Ukimkaripia, mtoto wa pili hataletwa kwako, atapelekwa huko huko, nawe hutajua. Muulizeni alisikia wapi, alilipa nini, kikohozi kilipungua au hakikupungua, na kwa nini zahanati haikuwa chaguo lake la kwanza. Mara nyingi jibu linatuumbua sisi: alikwenda zahanati mara tatu, akapewa dawa ile ile mara tatu, na hakuna aliyemfungua mtoto kinywa.

Hapo, ndugu zangu, ndipo utafiti unapoanza. Unaanza kwa swali la mgonjwa ambalo umeshindwa kulijibu. Niwape mifano mitatu.

Wa kwanza uko jirani zetu. Masikio yanayotoa usaha miezi na miaka ni ugonjwa wa watoto wetu, si wa watoto wa Ulaya, na kwa muda mrefu ushauri uliokuwa ukitolewa ulikuwa rahisi: kausha sikio, litapona. Watafiti wakaenda Kiambu, Kenya, kwenye shule za msingi, wakawapata watoto 524 wenye masikio ya namna hiyo. Wakawagawa. Kundi moja walikaushwa masikio na kupewa antibayotiki ya kunywa pamoja na matone ya antibayotiki na steroidi. Kundi la pili walikaushwa tu. La tatu hawakutibiwa kwa kipindi hicho. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 51 ya kundi la kwanza. Kundi la waliokaushwa tu? Asilimia 22. Na wale ambao hawakutibiwa? Asilimia 22 vilevile. Matokeo yalichapwa mwaka 1996. Fikirini ni mama wangapi walikuwa wakisokota pamba kila asubuhi, kwa upendo wote, na pamba peke yake ilikuwa haiwasaidii. Hakuna mashine ya mabilioni iliyotumika kulijua hilo. Kulikuwa na madarasa, walimu wa shule, daftari, na watu waliokubali kurudi shule ile ile wiki baada ya wiki kutazama masikio yale yale.

Wa pili unawahusu Kampala na Nairobi. Miaka ya mwisho ya 1950, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaona mtoto mmoja, akaona mwingine, akaanza kuandika wametoka wapi. Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe kilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na kile kichupa kikafika maabara kikiwa kimechelewa. Anthony Epstein na wenzake walipotazama kwa darubini ya elektroni chembe walizozikuza kutoka kwenye uvimbe huo, waliona kirusi ambacho leo kinabeba jina lake na la Yvonne Barr. Walichapisha mwaka 1964. Sasa mnauliza, sisi wa masikio, pua na koo tunaingia wapi? Nairobi alikuwapo daktari wa fani yetu, Peter Clifford, aliyekuwa akiwaona wagonjwa wengi wa saratani ya nyuma ya pua, ile inayojificha mpaka ijitokeze kama uvimbe shingoni. Mwaka 1966 Clifford alikuwa mmoja wa walioandika matokeo yaliyoonyesha kwamba damu ya wagonjwa wa saratani hiyo nayo ilikuwa na kingamwili dhidi ya kitu kilichomo kwenye chembe za uvimbe wa Burkitt. Saratani ya nyuma ya pua na uvimbe wa taya, magonjwa mawili ambayo kwa macho hayana undugu, yakakutanishwa na kirusi kimoja. Na aliyeyakutanisha hakuwa mwenye maabara peke yake. Alikuwamo pia daktari wa kliniki aliyezingatia wagonjwa wake kiasi cha kuhifadhi damu yao na kuandika majina ya ugonjwa wao sawasawa.

Kwa mfano wa tatu nimekuja na kitu mfukoni. Hili ni gamba la konokono wa baharini, nimeliokota Kigamboni Jumapili. Na huu ni unyasi wa kando ya barabara. Mwaka 1970 Graeme Clark alipewa kiti cha uprofesa wa fani yetu katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, kiti cha kwanza cha fani hii nchini humo. Baba yake alikuwa mfamasia, na masikio yake yalikuwa yakifa polepole. Clark alitaka kuingiza uzi wa umeme ndani ya koklea, lakini kila uzi alioujaribu ulikwama baada ya nafasi ndogo. Wengine walimwambia haiwezekani. Mwaka 1977, akiwa ufukweni Minnamurra pamoja na familia, aliokota gamba la konokono, akachukua majani akaanza kuyasukuma ndani. Jani gumu lilikwama. Jani laini lilijikunja mdomoni. Lakini jani lenye shina gumu na ncha laini, tazameni... linazunguka lenyewe kufuata ukuta. Mmeliona? Agosti 1978 alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Rod Saunders, kwa uzi uliotengenezwa hivyo.

Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa namna hiyo nchini mwetu. Kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India. Nimewahi kukaa na baba mmoja siku ya kuwasha kifaa cha mwanawe. Watu hudhani mtoto atasikia na papo hapo aite "baba". Haiwi hivyo. Mtoto alishtuka, akashika kichwa, akalia. Baba naye akalia. Ikabidi mtaalamu wa matamshi aeleze taratibu kwamba mtoto amezaliwa leo kwa upande wa masikio, na kwamba kuna miaka ya kumfundisha sauti moja moja, na betri za kununua, na nyaya zinazokatika. Upasuaji ulichukua saa chache. Kazi iliyobaki ni ya miaka, na wanaoifanya ni watu wasiotokea kwenye picha za magazeti.

Nakaribia kumaliza, ila siwezi kuacha kutaja dawa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu sugu walichomwa sindano za kanamaisini kwa miezi. Walipona kifua, na wengi wakabaki na uziwi. Walikuwa wakituambia mapema kabisa kwamba wanasikia nyenje wakilia sikioni usiku. Baadhi yetu tulikuwa tukiwaambia wavumilie. Wataalamu waliopima usikivu wa wagonjwa hao kabla ya sindano na katikati ya matibabu, wakaandika, wakajumlisha na wa nchi nyingine, ndio waliosaidia kuubadilisha ushauri: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo. Jentamisini, dawa ya jamii hiyo hiyo ambayo nayo huweza kuumiza masikio, bado tunayo, na bado inaokoa watoto wachanga kila siku. Kwa hiyo kazi ya kupima haijatuishia.

Mkuu wa Idara amenikumbusha muda. Basi haya ni ya utaratibu. Kadi zenu za maktaba ziko kwa katibu wa idara. Benchi la mbuzi ni Alhamisi saa nane mchana, njooni na aproni. Kila mmoja ataandika swali moja la mgonjwa kila wiki kwenye daftari lake dogo, swali ambalo hakuweza kulijibu, na kila Ijumaa tutayasoma pamoja. Sitaki mada za tasnifu kabla ya mwezi wa tatu, nataka maswali.

Jumatatu tunakutana saa moja na nusu asubuhi wodi ya watoto. Tutaanza kitanda cha dirishani. Yupo mtoto wa kike wa miaka miwili, siku ya kumi na mbili ya homa ya uti wa mgongo, anaendelea vizuri, anakula, na amepangiwa kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Jana jioni nilipita kutazama daftari. Safu yake bado ni tupu. Mashine ya kupimia iko kabati la pili, chaji imejaa, na Sista atawaonyesha jinsi ya kuweka kile kipira kidogo sikioni bila kumwamsha.